Neno la Mnunuzi

Miaka michache iliyopita salio la simu yangu lilikatwa pasipo mimi kununua chochote. Fedha yenyewe haikuwa nyingi, lakini mtu aliyefundisha hesabu kwa miaka mingi hapendi kuona hesabu isiyojumlika. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, nikapigiwa muziki mpaka betri ikaisha. Mjukuu wangu akanionea huruma. Akasema, “Babu, siku hizi watu hawapigi simu. Wanaandika kwenye ukurasa wa kampuni, na kampuni inajibu mbele za watu.” Tukaandika. Jibu likaja upesi kuliko nilivyotarajia: “Habari mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Tafadhali tutumie namba yako inboksi kwa msaada zaidi.” Tukatuma namba. Baada ya saa moja likaja jibu jingine, neno kwa neno kama la kwanza. Tukatuma namba tena. La tatu likafanana na yale mawili kama mapacha.

Juu ya malalamiko yangu palikuwa na picha ya msichana anayecheka, na chini ya picha swali: “Wikiendi hii utakuwa na nani? Tuambie!” Watu wengi walikuwa wameambia. Mmoja atakuwa na mama yake mgonjwa, mwingine atakuwa shambani peke yake. Nilipekua majibu yote nikitafuta kama kampuni ilimpa pole yule mwenye mama mgonjwa. Sikuona. Mjukuu wangu akafunga simu akasema, “Babu, huyo tunayeongea naye si mtu. Ni mashine.”

Sitaitaja kampuni hiyo, na fedha zangu nimekwisha kuzisamehe. Kilichonikaa moyoni ni lile neno “tuambie”. Wataalamu wa biashara wa leo wanahimiza kila mwenye chapa azungumze na wateja wake katika mitandao ya kijamii, nao hulisema jambo hili kana kwamba lilizaliwa pamoja na Facebook mwaka 2004. Mimi nimekulia Mikindani, na nijuavyo, mazungumzo baina ya mwenye mali na mnunuzi ni ya zamani sana katika pwani hii. Nia ya insha hii ni kueleza yalivyokuwa, yalivyonyamazishwa kwa muda (nami nikiwa mmoja wa walioyanyamazisha), na ni lipi linaloyatofautisha na makelele ya mnadani.

Tuanze na kitambaa. Mwaka 1833 Seyyid Said, aliyetawala Omani na Unguja, alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Waters alikuwa mfanyabiashara kutoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilichukua kutoka pwani yetu pembe za ndovu na sandarusi, ambayo kwao ilitengenezewa vanishi ya samani, na zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kitambaa hicho watu wetu walikiita merikani, na jina hilo wazee wangu walikuwa wakilitumia bado nilipokuwa mtoto.

Wengi hudhani kwamba mzungu alileta alichokuwa nacho na mwafrika akakipokea kwa mikono miwili. La hasha. Barua za wafanyabiashara wale wa Salem zimehifadhiwa, na ndani yake wanawaandikia wenzao nyumbani habari za ladha ya watu wa huku: kitambaa gani kinatakiwa na kipi kitabaki ghalani. Kulikuwa na kiwanda huko Salem, kwa jina Naumkeag, ambacho kilifuma sehemu kubwa ya kitambaa chake kwa kuiangalia Unguja. Waingereza walijaribu kuiga merikani ili wauze kwa bei nafuu. Lakini mnunuzi alikipapasa, akakinyoosha, akakifua, akajua kuwa siyo, akarudi kwenye ile ya kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliadimisha pamba, biashara ya Salem ikayumba. Na baadaye viwanda vya Bombay vikajifunza kufuma merikani iliyokubalika na iliyokuwa rahisi zaidi. Hapo ndipo Mmarekani aliposhindwa. Aliyehukumu kesi hiyo alikuwa mnunuzi, aliyekuwa akihukumu kwa vidole vyake.

Shanga nazo zilikuwa hivyohivyo. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, akaelekea Ruvuma na bara. Kama msafara mwingine wowote, wake ulibeba vitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Miaka mitano baadaye Henry Stanley, aliyekwenda kumtafuta kwa njia ya Bagamoyo, aliandika jinsi alivyotaabika kuchagua shanga. Nyeusi zilipokelewa Ugogo na kwingineko hazikufaa kitu. Nyeupe zilizopendwa Ufipa zilikataliwa Ukonongo. Aliyefunga mizigo bila kuuliza, aliweza kufika katikati ya nchi yenye chakula tele akafa njaa na magunia ya shanga mabegani. Viwanda vya vioo vya Venice, mbali kabisa na Ugogo, vilibidi kujali rangi aipendayo mwanamke ambaye mwenye kiwanda hatamwona maisha yake yote.

Hata hivyo nisiwatie wasomaji katika kosa la kuisifu biashara ile kupita kiasi. Mikindani iliuza pembe na sandarusi, na iliuza watu pia. Merikani ileile iliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa ndiyo iliyolipiwa wanadamu walioteremshwa kutoka ng’ambo ya Ruvuma na ukanda wa Ziwa Nyasa. Soko lililokuwa hodari wa kusoma uso wa mnunuzi halikusikia kilio cha aliyenunuliwa. Kwa hiyo kusikiliza peke yake si wema. Mtu anaweza kusikiliza kwa ajili ya faida yake tu, akaziba sikio moja makusudi. Nalitaja jambo hili mapema ili tusilisahau tutakapofika kwenye simu zetu.

Sasa tuje kwenye kanga, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo haya yalipofikia ukomavu wake. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizochapwa, zikiwa bado hazijakatwa mojamoja, wakaunga vipande vya leso sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Neno leso lenyewe ni la Kireno, na jina la kanga linasemekana kutokana na madoadoa yaliyofanana na manyoya ya ndege yule. Ukilitazama vizuri, utaona kwamba mali hii haikubuniwa na mwenye kiwanda. Ilibuniwa na mnunuzi kwa sindano na uzi wake, na mwenye duka akawa na akili ya kutosha ya kuona kilichofanyika, akaagiza kitambaa kilichochapwa kizima kwa kipimo kile. Viwanda vya Uingereza na Uholanzi vikachapa. Kampuni ya van Vlissingen ya mji wa Helmond, Uholanzi, ilichapa kanga za pwani hii tangu karne hiyo, na michoro yake ya zamani ingali imewekwa katika kumbukumbu zake.

Unguja, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, mavazi yaliyowatambulisha kuwa watumwa, walivaa kanga kuonyesha kwamba sasa wao ni watu kama watu. Mitindo ilibadilika upesi mno. Kanga iliyogombewa mwezi huu, mwezi ujao haikutazamwa. Mwenye duka aliyeagiza Ulaya alisubiri meli kwa miezi, na kama alikosea kusikia, hasara ilikuwa yake. Ndiyo maana alikaa barazani, akauliza, akatega sikio kwenye harusi na misiba. Wanunuzi ndio waliozipa kanga majina kabla majina hayajachapwa, na jina likishapendeza midomoni, kanga iliuzika.

Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa, ambayo watu waliijua kwa jina la Abdulla. Aghalabu ni duka hilo linalotajwa kuwa ndilo lililoanza, mwanzoni mwa karne ya 20, kuchapa maneno kwenye kanga. Kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Tangu hapo kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Nawaomba mlioko nyumbani mwite mke, dada au shangazi, mwombe doti moja ya zamani ya duka hilo, mtazame. Katikati, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng’ambo ya barabara, limeandikwa neno ambalo mwanamke angependa kulisema: shukrani, kijembe, dua, onyo, mapenzi. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mimi sasa huhitaji miwani, limeandikwa “Mali ya Abdulla”.

Kwangu mimi somo zima limo katika ukubwa wa herufi zile. Mwenye mali alijiandika kwa herufi ndogo, na neno la mnunuzi akaliandika kwa herufi kubwa. Hakumwambia mwanamke wa Mikindani, “Tuambie unavyoipenda kanga yetu.” Alimuuzia kitu cha kumsaidia kusema na jirani, na mume, na mke mwenzie, kisha yeye mwenye duka akakaa pembeni. Na kwa kuwa alikaa pembeni kwa adabu, jina lake limedumu zaidi ya miaka mia moja, wakati waliojitangaza kwa ngoma na tarumbeta wamesahaulika. Nimemsikia mama yangu akimwambia muuza duka Mhindi wa Mikindani, “Neno la namna hii ulilete tena, na lile jingine ukalifungie maandazi.” Muuza duka alicheka, lakini nilimwona akiandika kwenye daftari lake. Mama yangu hakujua kusoma vizuri, ila neno lake liliingia katika daftari la mfanyabiashara. Hayo ndiyo mazungumzo.

Sasa niungame. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilishika njia kuu za uchumi. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina, nasi tukaona fahari kuvaa kanga iliyofumwa na kuchapwa nyumbani kwa pamba yetu. Mpaka leo naona fahari ileile. Lakini baadaye zikaja shida: bei ya mafuta, ukame, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, upungufu wa fedha za kigeni. Viwanda vikakosa vipuri. Bidhaa zikapitia kampuni za biashara za mikoa, na kutoka hapo zikagawiwa kwenye maduka ya ushirika na sehemu za kazi. Sisi wa Mtwara tulikuwa mwisho wa mstari. Daraja la Rufiji, ambalo leo linaitwa la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla yake masika ikishika tulikuwa kama kisiwa.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kwa cheo changu nilisimamia mgawo wa duka la ushirika la chuo. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipata kanga baada ya miezi mingi bila hata doti moja. Tukapiga kura. Karatasi zilikunjwa zikatiwa kofiani, na kila mwalimu mwanamke na kila mke wa mwalimu akachukua namba yake. Niliona nimetenda haki, maana hakuna aliyependelewa.

Mwalimu mmoja, mwanamke mpole aliyefundisha sayansi kimu, alifungua doti yake akasoma jina. Akaikunja tena taratibu. Wiki chache kabla, mumewe alikuwa ameoa mke wa pili, na chuo kizima kilijua. Neno lililokuwa kwenye kanga ile lilikuwa kijembe cha mke mdogo kwa mke mkubwa. Halikuwa neno baya kwa aliyelichagua mwenyewe, lakini yeye hakulichagua. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, “Mkuu, hii siiwezi. Nibadilishie hata yenye kasoro.” Nami, mbele ya watu, nikamjibu, “Mwalimu, kanga ni kanga. Ukiiacha, mwenzio anaingoja.”

Hakuwa na nguo nyingine ya kujitandia. Aliichukua. Jumatatu nilimwona uani akiwa amejifunga kanga ile kichwa chini, jina likiwa juu kiunoni badala ya kuwa chini nyuma, naye amelikunjia ndani pamoja na pindo ili asilisome mtu. Alinisalimia kwa heshima kama siku zote. Mwaka uliofuata alihamishwa, na sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba kosa ni la uhaba. Uhaba ulikuwepo, ni kweli, lakini kubadilisha doti mbili kusingenigharimu hata senti. Kilichonizuia ni kule kujua kwamba hana pa kwenda. Muuza duka Mhindi aliandika maneno ya mama yangu kwa sababu mama yangu angeweza kuvuka barabara akanunua kwingine. Mimi sikuwa na jirani wa kunishinda, basi nikawa kiziwi. Na kiziwi wa namna hiyo hajijui, kwa kuwa mbele yake watu huitikia tu.

Mambo yalilegezwa kuanzia mwaka 1984. Mitumba ikarudi, kanga kutoka Bara Hindi zikajaa, na mnunuzi akapata tena miguu ya kuvukia barabara. Kisha zikaja simu za mkononi, na kuanzia 2008 fedha zikaanza kusafiri ndani ya simu hizo. Leo kijana wa Msimbati au wa Kilambo, pale kwenye mdomo wa Ruvuma ambapo ukivuka uko Msumbiji, anaweza kumwandikia mwenye kampuni Dar es Salaam na jibu likamfikia kabla chai haijapoa. Mtu angedhani kwamba sasa mazungumzo yamekamilika. Chombo kimekamilika, hilo nakubali. Mazungumzo ni kitu kingine.

Sisi wa Mtwara tunayo sababu ya kuijua tofauti hiyo kwa uchungu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na uzalishaji wa umeme kwa gesi hiyo ulianza katika miaka ya 2000. Ilipotangazwa kwamba litajengwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu walikuwa na maswali: kiwanda kitajengwa wapi, vijana wetu watapata kazi gani, bandari yetu itafaidika nini. Desemba 2012 waliandamana. Januari 2013 palitokea ghasia, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaja Mtwara kukaa na watu na kuwasikiliza; joto likashuka. Lakini Mei 22, 2013, siku iliyosomwa bajeti ya nishati bungeni, mji uliwaka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, askari wakajaa mitaani. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, na gesi inakwenda. Sisemi nani alikuwa na haki. Hesabu ya mambo hayo ni ndefu kuliko kurasa zangu. Ninasema tu kwamba matangazo yalikuwa mengi, redioni, magazetini na mikutanoni, na kutangaziwa mara mia si sawa na kuulizwa mara moja. Kampuni inayouza sabuni au vifurushi vya simu haitasababisha watu kufa, lakini kosa lake, kwa asili, ni hilohilo.

Nisije nikaonekana mzee anayelaumu kila kipya, nitasimulia nilichokiona mwaka uliopita. Kuna binti mmoja hapa mjini, nilimfundisha mama yake, ambaye huuza kanga kwa simu. Ana kundi la wanawake kwenye WhatsApp, kuanzia Shangani na Magomeni mpaka Msanga Mkuu ng’ambo ya ghuba. Kabla ya kwenda kuchukua mzigo Dar es Salaam hupiga picha za kanga, akawauliza: neno lipi mnalitaka, rangi ipi, na ipi nisilete kabisa. Wanabishana siku mbili tatu, wanacheka, wanakumbushana misiba na harusi zilizo mbele. Yeye mwenyewe huandika kidogo sana. Nami nikamkumbuka Abdulla pembeni mwa pindo.

Siku moja mteja aliandika katika kundi, mbele ya wote, kwamba kanga aliyouziwa imechuja maji ya kwanza na kuharibu mashuka. Mke wangu alinisomea. Nilitarajia lile neno la siku hizi, “njoo inboksi”. Yule binti akajibu palepale: “Pole sana mama yangu. Doti hizo nilichukua kumi na mbili za rangi ile. Aliyenunua asifue na nguo nyingine, na anayetaka kurudisha fedha yake ipo.” Wawili walirudisha. Alipata hasara, na hakuyafuta malalamiko yale. Yapo mpaka leo kwa anayetaka kuyasoma. Alipokwenda tena Dar es Salaam hakununua kwa muuzaji yule. Wanawake wa kundi lile wakaona kwamba neno la mmoja wao limebadilisha njia ya mzigo.

Hapo ndipo ninapoweka kipimo changu, nacho ni rahisi kama kipimo cha pishi. Ukitaka kujua kama mwenye chapa anazungumza nawe kweli, usihesabu mara ngapi amekuita mpendwa, wala picha za kucheka alizoweka. Uliza: je, nililosema limebadilisha kitu? Limebadilisha bei, rangi, kipimo, au hata tabia ya yule anayenijibu? Kama halikubadilisha kitu, nilikuwa sokoni nikisikiliza mnadi, na “tuambie” yake ilikuwa sehemu ya kunadi.

Kwa vijana wanaoajiriwa siku hizi kuandika katika kurasa za makampuni nina maneno matatu, kwa mazoea ya ualimu. Kwanza, aliyekujia hadharani mjibu hadharani, maana sokoni bei hutajwa kwa sauti ili na jirani asikie. Faragha iwe kwa ajili ya siri ya mteja, isiwe kwa ajili ya aibu ya kampuni. Pili, usiulize swali ambalo jibu lake hulihitaji. Ukimuuliza mtu wikiendi yake naye akakuambia mama yake ni mgonjwa, umeingia nyumbani mwake, na adabu ya kuingia nyumba ya mgonjwa unaijua. Tatu, uwe na daftari kama lile la Mikindani, na daftari hilo limfikie mwenye uwezo wa kubadilisha mzigo. Mwandishi wa ukurasa asiyesikilizwa na mabwana zake hawezi kumsikiliza mteja, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Naye pia amepewa kanga asiyoichagua.

Na kwa wenye makampuni nina moja tu. Msijifariji kwamba wateja wenu wametulia. Nilikuwa na cheo, nilikuwa na ufunguo wa ghala, na kila siku nilisalimiwa kwa heshima. Mwalimu yule hakulalamika tena, hakuniandikia barua, hakunisema vibaya barazani. Jibu lake alilivaa kiunoni, limegeuzwa na kukunjwa ndani, akapita nalo mbele ya ofisi yangu muhula mzima. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha walimu namna ya kufundisha watu kusoma, sikuweza kulisoma.